Njegere za Mama Chupa

Ofisi ya Elimu, kwa waraka wenye mihuri miwili, iliwatangazia walimu na wafanyakazi wote wa shule kwamba Mashindano ya Kirafiki ya Mtandaoni ya Wanasayansi Mashuhuri hayatakuwa na mshinde. Kwamba katika sayansi hakuna mkubwa wala mdogo. Na kwamba kila atakayeshiriki, awe mwalimu mkuu au mfagizi, atatambuliwa. Neno "atatambuliwa" lilipigwa mstari. Waraka ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya zamu na tangazo la miwani iliyopotea, na watu wakausoma kwa ile heshima ya kusoma karatasi isiyowahusu.

Mtu mmoja aliusoma mara tatu. Huyo ni mhudumu wa maabara, ambaye wanafunzi wa vizazi vyote walimwita Mama Chupa, na walimu nao wakaiga, kwanza kwa siri, kisha usoni pake. Kilichomrudisha ubaoni kilikuwa kwenye aya ya nne, kwa herufi ndogo: watakaofika nusu fainali watapewa cheti, na cheti hicho kitatambuliwa katika utumishi.

Inafaa kueleza. Mama Chupa alikuwa amefanya kazi katika maabara ile miaka ishirini na sita, na cheo chake kilikuwa kile kile alichoingia nacho: mhudumu. Alipima, akayeyusha, akachuja, akatengeneza mizani zilizoharibika, akawaambia walimu wapya kwa sauti ya chini kwamba hiyo asidi haimiminiwi maji juu yake, mwalimu, ni yenyewe inayomiminwa kwenye maji. Kazi hiyo kwa jina lake halisi ni ya fundi sanifu. Lakini ili kuitwa fundi sanifu sharti uwe na cheti cha Ofisi. Ili kupata cheti sharti uende kozi. Na kozi ni kwa mafundi sanifu. Alikwisha kuzunguka duara hilo mara nne, kwa barua. Sasa alibakiwa na mwaka mmoja na miezi kabla ya kustaafu, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kidogo hata akaona haya kukitaja: atoke kazini akiwa anaitwa kwa kazi aliyoifanya.

Mchezo wenyewe haukuwa wa kurushiana mabomu. Kila mchezaji anachagua mwanasayansi, anapewa maabara tupu na hatua tatu kwa kila zamu. Anajenga, anatafiti, anapata ugunduzi; lakini ugunduzi hauhesabiwi mpaka uuchapishe, na mwenzako akiwahi kuuchapisha ni wake, hata kama jasho ni lako. Majina ya wale wataalamu yalikuwa magumu kutamkwa, kwa hiyo wachezaji wakawapa ya kwao. Kulikuwa na Mzee wa Tufaha, Bibi wa Miale, Mzee wa Nywele. Karibu nusu ya washiriki walimchagua Mzee wa Tufaha, na kwa wiki ya kwanza tufaha halikupumzika.

Mama Chupa alimchagua Mtawa wa Njegere, ambaye hakuna aliyemtaka. Mtawa huyu kwa zamu saba hafanyi lolote la maana: anapanda, anahesabu, anapanda tena. Ukivumilia zamu saba bila kunyang'anywa shamba, zamu ya nane njegere zinazaa ugunduzi mfululizo na mwenzako hana pa kukimbilia. Maelezo ya mchezo yalisema pia, na hili ni kweli, kwamba mtawa mwenyewe alitambuliwa miaka kumi na sita baada ya kuzikwa. Mama Chupa aliliona hilo, akaona ni jambo la zamani.

Siku ya kujiandikisha alikuwa ametoka kuandika lebo za chupa arobaini na mbili za mtihani wa vitendo. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Katika maabara ile kulikuwa na kanuni, iliyowekwa na mwalimu mkuu wa zamani baada ya meza moja kuungua: chupa isiyo na jina la mwalimu haivuki mlango. Mama Chupa anatengeneza myeyusho, lakini lebo inabeba jina la mwalimu mwenye kipindi, ili likitokea la kutokea ajulikane wa kuulizwa. Mhudumu haulizwi. Kwa kanuni mhudumu hawezi kukosea, kwa sababu kwa kanuni hafanyi chochote. Kwa miaka ishirini na sita mkono wake ulikuwa umeandika majina ya walimu kumi na tisa, mara elfu na elfu. La kwake aliliandika mara moja kwa mwezi, kwenye daftari la mahudhurio.

Basi akaketi mbele ya kompyuta kuukuu ya chumba cha maandalizi, mikono bado inanuka amonia. Pale palipoandikwa "Jina" mkono ukafanya ulichozoea. Ukaandika jina la mwalimu wa kemia, kwa ukamilifu, pamoja na namba yake ya utumishi, maana hata hiyo mkono uliijua. Akabonyeza, akaenda kuosha neli.

Hakugundua mpaka mechi ya pili, kwa sababu upande wako kioo kinakuonyesha neno "Wewe" tu. Jina lako analiona mpinzani. Siku hiyo mpinzani alimwandikia: "Karibu mwalimu wa kemia. Leo nakufunga mapema nikale."

Mama Chupa aliyatazama maneno yale kama mtu aliyekuta mkono wake mwenyewe kwenye mfuko wa jirani. Kisha akamfunga mpinzani, kwa zamu tisa.

Nyumbani alimweleza binti yake, ambaye ni msusi na hana subira na watu wasiojua kujitetea.

"Mama. Umeandika jina la nani?"

"La mwalimu."

"Kwa hiyo wewe unacheza, yeye anashinda."

"Ni mazoea, mwanangu. Mkono umeteleza."

"Mkono umeteleza herufi ishirini? Na namba ya utumishi?" Binti akaweka kitana chini. "Mama, la kwako lakini unalijua? Maana tusije tukaandika la mwalimu kwenye kaburi."

"Nitarekebisha."

"Rekebisha kesho. Usiseme 'tutaangalia.' Nakujua."

Akarekebisha, yaani akaanza. Ofisi ilijibu kwa adabu: jina laweza kubadilishwa kabla ya nusu fainali, kwa barua yenye sahihi ya yule aliyeandikishwa. Mama Chupa akaipiga chapa barua, mistari minne, akampelekea mwalimu wa kemia.

Mwalimu huyu hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa mambo yangekuwa mepesi kama angekuwa mbaya. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye haya, aliyemwita Mama Chupa "mama" bila kuongeza chupa. Aliisoma barua akacheka hadi akashika meza.

"Kumbe ninacheza! Na ninashinda?"

"Umeshinda mbili, mwalimu."

"Mama, wewe ni hatari. Nitasaini, hakuna shida. Ngoja nimalize hizi karatasi za mtihani." Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

Mama Chupa akashinda ya tatu. Akashinda na robo fainali, dhidi ya Bibi wa Miale aliyechezwa kwa pupa mpaka akajiunguza. Jumatatu yake, mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu akatangaza kwamba shule imepata heshima isiyo na mfano, kwamba katika shule zote za eneo wamebaki wanne, na kwamba mmoja wao yuko hapa, kimya, mnyenyekevu, kama wanasayansi wote wa kweli. Akamtaja mwalimu wa kemia. Wanafunzi mia sita wakapiga makofi. Mwalimu aliinua mkono ili aseme hapana, lakini ulipofika usawa wa bega makofi yakazidi, na mkono ukageuka kuwa wa kupunga.

Mama Chupa alikuwa nyuma, kwenye mlango wa maabara. Naye alipiga makofi. Mtu asipopiga huonekana.

"Nitasema, mama," mwalimu alimwambia mchana, akiangalia bomba la maji. "Nikipata tu nafasi. Sasa hivi mkuu amefurahi, ukimkatiza unamjua."

"Na barua?"

"Iko. Iko salama kabisa."

Ilikuwa salama. Ijumaa, siku ya kufua makoti ya walimu, Mama Chupa aliikuta mfukoni, imekunjwa vile vile, haina sahihi. Nusu fainali ilikuwa siku hiyo hiyo saa kumi. Aliitoa, akalifua koti, akalikausha, akalipiga pasi, akairudisha barua mfuko ule ule. Kisha akaenda kucheza nusu fainali, akashinda.

Fainali ilichezwa Jumatano alasiri, kila mmoja shuleni kwake. Mwalimu wa kemia alitakiwa kujifungia chumba cha maandalizi bila kusumbuliwa, kwa amri ya mwalimu mkuu. Akajifungia humo na Mama Chupa, akasahihisha madaftari. Mpinzani alikuwa mwalimu wa fizikia wa shule moja ya ng'ambo ya mto, mwenye kumcheza Mzee wa Tufaha, na mdomo wake haukulala.

"Mwalimu, hizo njegere zinachosha. Unacheza au unalima?"

"Nalima. Wewe endelea kukaa chini ya mti."

"Nimekaa. Na tufaha likidondoka, usiseme hukuambiwa."

"Lidondoke tu. Nina njaa."

"Haa! Mwalimu una maneno. Nilidhani watu wa kemia mmekaushwa na dawa."

Zamu ya tano hivi, Mama Chupa alijikuta anaandika jambo ambalo hakulipanga. Labda ni kwa sababu mtu usiyemwona huambiwa mengi.

"Nikwambie kitu? Mimi si mwalimu wa kemia. Mimi ndiye ninayemwoshea chupa."

Zamu ya mpinzani ikapita bila hatua hata moja. Kisha:

"Ni kaka au dada?"

"Dada. Mtu mzima."

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Basi na mimi nikwambie. Mimi mlinzi wa geti. Mwalimu wetu aliniita nimshikie nafasi dakika tano, akapigiwa simu, akaondoka. Ile ilikuwa mechi ya kwanza."

Mama Chupa aligeuka kumtazama mwalimu wa kemia. Alikuwa ameinamia madaftari, kalamu nyekundu sikioni.

"Hukusema kwa mtu?"

"Nimwambie nani, dada? Mkuu wa nidhamu ndiye yeye."

"Na wewe ulikuwa unakitaka cheti?"

"Cheti cha nini! Mimi nilitaka kukaa kivulini. Kompyuta iko ndani." Kisha akaongeza: "Ila wewe naona unakitaka. Nikuachie?"

"Ukiniachia, umemwachia mwalimu. Cheza."

Akacheza, tena vizuri. Angeweza Mama Chupa kushindwa kwa makusudi. Ndilo pingamizi pekee lililobaki mkononi mwake, na alilifikiria zamu nzima ya saba. Lakini njegere zilikuwa zimeshaiva, na mkono uliozoea kufanya vizuri kazi ya mtu mwingine haujifunzi kuifanya vibaya kwa nusu saa. Akachapisha ugunduzi mmoja, akachapisha wa pili, wa tatu, wa nne. Tufaha lilidondoka likakuta shamba limejaa.

"Umenimaliza dada," mlinzi aliandika. "Ngoja nirudi getini. Kuna gari linapiga honi."

Zawadi zilitolewa katika ukumbi wa Ofisi. Mama Chupa naye alikwenda, kwa kuwa kulikuwa na meza ya maonyesho na mtu lazima abebe neli. Washindi wawili, mwalimu wa kemia na mwalimu wa fizikia, walipeana mikono mbele ya kamera.

"Ulinibana sana pale katikati," alisema wa fizikia.

"Hata wewe," alijibu wa kemia. "Hata wewe."

Mkuu wa Ofisi akataka kujua siri ya ushindi. Mwalimu akatazama sakafu, akatazama meza ya maonyesho, akaisogeza tai yake.

"Ni uvumilivu, mheshimiwa. Njegere hazitaki haraka."

Yalikuwa maneno ya Mama Chupa, na aliyanukuu bila kukosea.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, mwalimu hakuwasha injini mara moja.

"Mama, nilitaka kusema. Watu walikuwa wengi mno."

"Wangekuwa wachache ungesema?"

Mwalimu akafikiri, kwa uaminifu. Kisha akachukua kile cheti kilichokuwa kwenye kiti cha nyuma, ndani ya fremu ya kioo, akamwekea mapajani.

"Chukua wewe. Kwa haki ni chako, mimi na wewe tunajua."

"Nikipeleke wapi, mwalimu? Kina jina lako."

"Basi... kaa nacho tu."

"Washa gari, mwanangu. Hizi neli si za kukaa juani."

Mwaka uliofuata mwalimu wa kemia alipandishwa cheo akahamia Ofisini, kwenye kitengo cha mashindano. Mama Chupa alipofikisha umri, aliitwa na karani wa utumishi kujaza fomu ya kustaafu. Karani alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri, na alimsomea kila mstari kabla ya kuujaza. Cheo: mhudumu. Miaka ya kazi: ishirini na saba. Alipofika kwenye "Ushiriki katika kozi, mashindano na shughuli za Ofisi," akasita.

"Hapa niweke nini, mama?"

"Andika unachokiona kwenye faili, baba."

Karani akalipekua faili lote, kurasa kumi na moja, bila uvivu, akarudia. Kisha akaandika: Hakuna.