Ukuta wa Ghorofa ya Saba

Kwa miaka kumi na tisa Bi Funguo alifagia ghorofa ya saba, mpaka kampuni ya bima ikafunga ofisi na jengo likabaki tupu. Lilipogeuzwa nyumba za kupanga, binti yake akapata vyumba viwili kwenye ghorofa hiyo hiyo. Majirani wakamtania: "Bi Funguo, sasa umehamia kazini kabisa!"

Siku ya kuhamia, mchana kweupe, aliingia chumba cha mjukuu wake wa miaka minne. Akarudi kwenye ngazi, akahesabu hatua. Kumi na mbili. Zilezile alizozizoea akifagia. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa lifti ya mizigo, ile iliyong'olewa, likabaki shimo tupu mpaka chini. Alibisha ukuta kwa kidole, ukaitika kama debe tupu. Na kitanda cha mtoto kilikuwa kimeshaegemezwa hapo.

"Mama, usianze," binti yake alimnong'oneza. "Miaka miwili tumeisubiri nyumba hii. Ukileta maneno watatutoa."

Maneno hayo yalimkata maini. Hata hivyo alisogeza kitanda, akashuka ngazi za ghorofa zote saba kumtafuta msimamizi wa ujenzi.

"Bibi, pale kuna matofali. Ramani ninayo."

"Ramani haijawahi kufagia pale, baba. Njoo ubishe mwenyewe."

Msimamizi alimfuata shingo upande. Walipofika mlangoni, Bi Funguo alimwona mtoto ameegemea ukuta ule, akijisukuma kwa mgongo na kucheka, na ukuta ulikuwa unabonyea. Alitaka kupiga kelele, akajizuia asije akamshtua.

"Mume wangu," alimwita mjukuu kwa sauti ya kawaida, "njoo unifungulie kitasa hiki, kimenishinda."

Mtoto akaja mbio. Bibi akamkumbatia mpaka akalalamika.

Msimamizi alisukuma kwa kiganja kimoja tu. Ubao wa jasi ukachomoka, ukazama gizani. Walisubiri. Kishindo kilichelewa mno kusikika.

Msimamizi aliketi sakafuni. "Nisamehe, mama."

Kesho yake mafundi walianza kujenga matofali, wakakagua kila ghorofa. Ya nne nayo ilikutwa vivyo hivyo. Hakuna aliyetolewa. Binti alilia, akaomba radhi.

Sasa mjukuu huchora magari kwenye ukuta huo. Bi Funguo humsifia akiwa mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu.