Samaki Alioagiza Crispus

Kwa miaka yote waliyoishi pamoja, Crispus alimwagiza mkewe vyakula visivyofaa, na kwa miaka yote hiyo Kwamboka alimwokoa kimyakimya. Nataka hilo lieleweke kwanza, kwa sababu huko Pickering, Kanada, bado wapo wanaomwita Kwamboka, rafiki yangu, katili.

Kwamboka ni muuguzi. Crispus alikuwa akiuza divai za Kifaransa kwa Wakenya wenzetu: alialika wateja nyumbani, akafungua chupa, akahutubia. Aliyoitukuza kuliko zote ni Cahors, divai nyekundu inayokaribia weusi, yenye ukakasi unaokaza ulimi kama ndizi mbichi. Divai hiyo hudai mafuta na chumvi ili itulie: bata, maharagwe yaliyopikwa na nyama ya moshi, au mbuzi aliyechemka mpaka nyama ikaachana na mfupa. Crispus alijua bei yake na mwaka wake. Chakula chake hakukijua. Alipoagiza samaki, Kwamboka alipika mbuzi. Wageni waliposifu, Crispus aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo: "Nilikiwazia sana chakula cha leo."

Mwaka 2011 Crispus alimwacha. Kuachwa kunavumilika. Kisichovumilika ni alichokitamka baadaye kwenye karamu ya kanisa, nami nikimsikia: "Mama Valerie? Huyo alikuwa wa kusonga ugali tu. Ladha ilikuwa yangu." Watu walicheka. Kwamboka alikuwa amesimama nyuma yake, bakuli la kachumbari mikononi.

Mwaka uliofuata, Pascal, Mkongo wa Lubumbashi aliyeingiza Cahors nchini, alitafuta wakala wa kuiuza Ontario nzima. Aliahidi kula kwa Crispus kwanza, kisha aamue. Crispus akampigia simu mtalaka wake, bila haya.

"Mama Valerie, nisaidie mara hii tu. Nataka samaki wa kupaka. Na pilipili tia tele!"

"Samaki. Na pilipili."

"Mbona unarudia kama kasuku?"

"Sitaki kukosea, Baba Valerie."

Nilikuwa nimeketi kando ya Kwamboka. Nilimuuliza kama angempikia mbuzi tena.

"La, dada. Safari hii nitamtii."

Siku ya karamu nilimsaidia kupakua, na kutoka jikoni tuliiona meza yote. Crispus alisimama, glasi mkononi. "Kila kilichopo hapa nimekichagua mwenyewe, kwa ajili ya divai hii." Kwamboka alinifinya mkono.

Pascal alikula samaki, akanywa, akasita. Akanywa tena.

"Crispus, ndugu yangu, umeifanya nini divai yangu? Nanyonya msumari!"

"Labda chupa imeharibika..."

"Chupa nimeileta mimi!"

Pilipili nayo ilikuwa imekutana na ule ukakasi. Wageni walipepea midomo. Mmoja aliomba maziwa. Pascal aliisukuma sahani polepole.

"Hebu niambie, samaki huyu amechaguliwa na nani?"

Crispus alifumbua mdomo. Jibu alikuwa ameshalitoa mwenyewe, kwa sauti ya kusikika na wote. Pascal akaaga kabla ya matunda, na uwakala akaupeleka kwingine.

Wageni walipokwisha kuondoka, Crispus aliingia jikoni. Alitukuta tumeketi mbele ya sufuria aliyokuja nayo Kwamboka kutoka nyumbani kwake: mbuzi wa mafuta, na kando yake Cahors iliyobaki mezani. Nilikuwa nimeonja vyote viwili pamoja. Ule ukakasi ulikuwa umeyeyuka, divai imekuwa laini kama zambarau iliyoiva.

"Umenimaliza," alisema.

"Nimekupikia ulichoagiza."

"Lakini zamani nilikuwa naagiza hivihivi, na wageni..." Nilimwona akihesabu karamu zake zote kichwani, moja baada ya nyingine.

"Zamani ulikuwa na mke," Kwamboka alisema.

Harufu ilikuwa imemfikia. Aliitazama sufuria kama mtu aliyeshinda na njaa. Kwamboka aliniongezea kipande kinono, akajimiminia divai iliyobaki yote, kisha akaifunika sufuria.