Maziwa Yanatoka Wapi

Nilifika Walikale, katika misitu ya Kongo, na diploma ya ualimu, daftari la matayarisho lenye jalada la bluu, na kiburi cha kutosha watu watatu. Mimi ni mtoto wa Masisi. Kwetu vilima vimejaa ng'ombe, na mgeni hupewa maziwa kabla hajaulizwa habari za safari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipokabidhiwa darasa la watoto wadogo, nilijihesabu kuwa dawa.

Msichana mmoja wa miaka minne hakufungua kinywa. Alinikodolea macho tu, mikono ameifunga kifuani jinsi nilivyowaamuru wote. Baada ya majuma sita bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea, akaja mlangoni.

"Madame, mutoto akifika vakansi bila kusema, nitamurudisha ku shamba. Kule anasemaka hata na kuku."

Nikamwahidi kwamba kabla ya likizo hiyo atasema. Niliogopa kumpoteza yule mtoto. Nakiri pia kwamba niliogopa zaidi watu wasije wakasema Madame wa Masisi ameshindwa na kitoto.

Basi nikatayarisha somo langu bora kuliko yote: ng'ombe. Nilimchora ubaoni kwa muda mrefu, pembe, kiwele na mkia. Watoto wakamtazama.

"Iko mboloko," mmoja akasema. Mboloko ni paa mdogo wa msituni.

"Mboloko yenye ilikula sana," mwingine akamsahihisha.

Sikucheka. Niligonga ubao kwa rula na kuuliza, "Maziwa yanatoka wapi?"

Kisha mkono ukainuka, ule ule niliousubiri majuma sita.

"Kwa mama," akasema yule msichana.

Nami mwenye diploma nikatikisa kichwa. "Hapana. Nani mwingine anajua?"

Mkono ukashuka. Katika daftari langu jibu lilikuwa ng'ombe, na mimi nililiamini daftari kuliko mtoto. Ni jioni tu, nilipompita jirani akimnyonyesha mwanawe barazani, ndipo nilipoelewa. Watoto wale hawakuwahi kuona ng'ombe. Maziwa waliyoyajua ni yale waliyoyanyonya wenyewe, na wengine walikuwa wameachishwa juzi tu. Nilisimama njiani nikajiita mpumbavu kwa Kihunde, lugha ya kwetu, maana Kiswahili hakikutosha.

Asubuhi niliwaambia watoto kwamba nilikosea na kwamba maziwa hutoka kwa mama. Wote walifurahi, isipokuwa yule msichana. Aliniangalia akanyamaza. Nilistahili.

Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya vakansi. Nikaliacha daftari nyumbani, nikamwomba bibi aje afundishe yeye. Alikuja na fungu la mangungu, yale majani mapana ya kufungia chakula, pamoja na samaki wadogo. Nikaketi kwenye benchi na watoto, kila mmoja na jani lake na samaki wake. Wao walikunja, wakazungusha, wakafunga kwa kamba. Jani langu lilifunguka. Nikalikunja upya kwa uangalifu, nalo likapasuka, mkia wa samaki ukachungulia nje.

"Namna hii?" nikauliza, nikiliinua.

Yule msichana akasimama. Akaenda mezani, akachukua rula yangu, akarudi na kunigongea jani mara mbili. Akatikisa kichwa polepole.

"Apana, Madame. Nani mwingine anajua?"

Sauti ilikuwa yangu, pamoja na ule ukali wote. Niliona aibu, na furaha ikanishika hata nikashindwa kucheka. Kumbe muda wote alikuwa akijifunza, na mwalimu wake nilikuwa mimi, kwa bahati mbaya.

Darasa zima likainua mikono. Bibi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nikafunga mikono kifuani, nikangoja zamu yangu ya kufundishwa.

Vakansi ilipokwisha, bibi alikwenda shambani peke yake.