Alama za Penseli kwenye Kitabu cha Serikali

Shule yetu iko nje kidogo ya Rongai, kando ya mashamba ya mahindi, na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili wa madarasa ya juu. Mimi pia ndiye mtunza vitabu. Kazi hiyo ya pili nilipewa kwa sababu mimi ni mkali, na vitabu vya serikali vinataka mtu mkali. Kila kimoja kina muhuri na nambari, na mtoto anapohama lazima avirudishe vyote, nami huvipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta uchafu. Aliyechora kitabu haendi popote mpaka mzazi aitwe. Nimewahi kumtoa baba wa watu kazini Nakuru mjini kwa sababu ya masharubu yaliyochorwa kwenye picha ya ng'ombe, na sikumwomba radhi.

Kisha mwalimu mkuu akanipa na watoto wanaosoma kwa shida, nikae nao alasiri baada ya masomo. Si wajinga, na anayewaita hivyo mbele yangu hunijua. Kuna anayeruka mistari. Kuna anayesoma ukurasa mzima bila kosa, na ukimuuliza umesoma nini anakutumbulia macho. Na kuna msichana mmoja, mrefu kuliko wenzake, aliyetoka upande wa Longonot mama yake alipopata kibarua huku kwetu mashambani. Huyu akikutana na neno refu, hupotea ndani yake kama mtu aliyeingia kwenye mahindi yaliyomzidi kimo. Mwezi wake wa kwanza kwangu alilia mbele yangu, kimya kimya, huku kidole chake kikiwa palepale alipokwama.

Niliwafundisha kusoma na penseli mkononi. Neno refu unalikata vipande kwa vijistari. Mtu anayetenda jambo unampigia mstari chini yake. Ukipotea, weka alama ya kuuliza pembeni na usonge mbele, utarudi. Ukimaliza aya, andika kando neno moja lako mwenyewe linaloieleza: njaa, ugomvi, harusi. Penseli iwe laini, na kabla ya kufunga shule tunafuta kila kitu. Wenzangu ofisini walinicheka sana, kwamba askari wa vitabu amefungua chuo cha kuchora vitabu. Mmoja akauliza nilijifunza wapi mambo hayo. Nikasema kwenye semina.

Hakukuwa na semina yoyote. Alama hizo ni zangu. Nilizibuni nikiwa mtoto, peke yangu, kwa sababu herufi zilinisumbua, na mpaka leo zinanisumbua, mtu mzima mwenye mvi na cheti cha ualimu. Darasani nasoma kile tu nilichokiandaa nyumbani, nimekipitia mpaka karibu nimekikariri. Karatasi ikija ghafla, ninayo miwani. Niliinunua kwa mchuuzi mjini, na vioo vyake havikuzi wala kupunguza kitu. Kazi yake ni kusahauliwa. "Nimeacha miwani, hebu tusomee," nasema, na mtu anasoma, na siku inapita. Naona aibu hata kuandika haya. Mwizi angalau alichagua kuiba. Mimi sikuchagua chochote, na bado nimeishi kama mtu anayetafutwa na polisi.

Muhula wa pili yule msichana akaacha kuja kwangu. Halafu Ijumaa moja mchana akatokea kwenye stoo ya vitabu na mama yake, begi limejaa, amekuja kurudisha.

"Mwalimu, huyu amenishinda," mama akasema. "Anataka kuacha shule aende Nakuru kwa auntie yake, wasuke watu nywele. Nimeongea nimechoka."

Nikamuuliza msichana kwa nini. Alifikiri kabla ya kujibu.

"Mimi niko hivi tu, mwalimu. Nilidhani ni ya watoto, itaisha. Lakini haiishi. Ushawahi ona mtu mkubwa ako hivi?"

Aliuliza kwa kweli, alitaka kujua. Jibu lilikuwa limekaa mbele yake kwenye kiti, limevaa tai. Nilihitaji kusema neno moja tu. Mdomo wangu ukafunguka, ukasema, "Jikaze, utazoea."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa alichokuwa anakijua, akaanza kupanga vitabu mezani. Nami nikavipekua, maana ndiyo kazi yangu. Alikuwa amefuta kila alama kwa uangalifu mkubwa. Nilijikuta nikisema, "Visafi kabisa," kwa sauti ya kusifu, na nikajichukia.

Mama yake ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alichukua kimoja, cha hadithi, akakifungua katikati, akakisukuma mbele yangu.

"Hebu msomee, mwalimu. Asikie vile watu husoma, ajue ni nini anaacha."

Ukurasa ule sikuwahi kuuandaa. Macho yalishuka juu yake na maneno yakajaa pamoja, hakuna pa kushika.

"Pole, mama, miwani nimeacha nyumbani."

"Iko kwa mfuko ya shati, mwalimu," msichana akasema.

Hakunicheka. Alikuwa ananisaidia, kama mtoto mwenye adabu anavyomsaidia mzee. Hasira ilinipanda mara moja. Hasira imeniokoa mara nyingi. Nikibanwa nafoka, watu wanatawanyika, na hakuna anayekumbuka nilikuwa nimeombwa nini. Ningefoka kuhusu adabu, au kuhusu muda. Lakini nilimwona tayari mjini, akiosha nywele za watu, akiamini kwamba hapa duniani yuko peke yake, na kwamba mimi nilimhakikishia.

Nikachukua penseli. Mimi mtunza vitabu nikaanza kuchora kitabu cha serikali mbele ya mzazi. Nilikata maneno vipande, nikapiga mistari, nikaweka alama ya kuuliza pembeni. Ilichukua muda mrefu. Kisha nikasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, nikikwama, nikirudi nyuma, jasho likinitoka mgongoni. Mama aligeuza uso akaangalia nje, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha hodi.

Nilipomaliza niliinua kichwa. Niseme ukweli, nilitarajia shukrani. Nilidhani msichana atatabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Imeanza lini?"

"Tangu nikiwa mdogo."

"Na ulisema ni semina."

"Nilisema."

"Mimi nililia mbele yako, mwalimu. Na ulikuwa unajua."

Mama akamkemea, hivyo ndivyo unaongea na mwalimu? Nikamwambia amwache aseme. Lakini msichana alikuwa amemaliza. Alirudisha vitabu kwenye begi kimoja kimoja, pamoja na kile nilichokichora, akatoka, na mama yake akamfuata akiniaga bila kuniangalia. Nilibaki stoo nikiwa na aibu mpya, nzito kuliko ile niliyoizoea. Ile ya zamani ilikuwa inanihusu mimi tu.

Jumatatu alasiri alikuja. Hakunisalimia. Alikaa nyuma, akatoa kitabu. Nikawaambia wote wafungue hadithi mpya na watoe penseli, na kabla sijaendelea mkono wake ukawa juu.

"Leo anza wewe, mwalimu," akasema. "Na usome ile kurasa hujasoma."

Wenzake waligeuka kumwangalia, hawakuelewa. Nilitafuta sababu ya kukataa, na ninazo nyingi, nimezikusanya maisha yangu yote. Nikafungua ukurasa nisioujua nikaanza. Nilikwama kwenye neno la pili, nikalikata, nikarudi, nikakwama tena mbele kidogo. Darasa likacheka, wakidhani nawaigiza wao. Niliendelea kusoma vilevile, na wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoona kwamba siigizi mtu.