Alama ya Mlangoni kwa Shangazi

Kile kiwanja cha katikati ya mji, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, kilikaa kitupu miaka na miaka, kikiota mbigili na kukusanya mifuko ya plastiki. Waliposema kitageuzwa uwanja wa watu kupumzikia, shangazi alifurahi kuliko sisi wote. Alikuwa akiuza zabibu za Makutupora kibarazani kwake, na sasa wateja wangemfuata mlangoni. Mimi roho ilikataa. Walipozungushia uzio wa mabati, waliuzungusha pande tatu tu. Upande wa nne ulikuwa nyumba yake.

"Mabati yamewaishia," akasema.

Nje ya uzio walibandika picha kubwa ya uwanja utakavyokuwa: miti, viti, taa, watoto wanene wakila aiskrimu. Niliitafuta nyumba ya shangazi kwenye picha ile mpaka macho yakaniuma. Pale ilipotakiwa kuwepo palikuwa na bembea.

"Mchoraji hakufika huku nyuma," akasema tena. Ana jibu la kila kitu, shangazi yangu.

Kisha jioni moja nilipita kwake nikitoka kazini, nikakuta X nyekundu ukutani, kando ya mlango, pana kama beseni. Mjini kila mtu anajua maana ya X, isipokuwa yeye. Alikulia kijijini, na karani wa sensa alipochora chaki mlangoni kwao alimwambia: mama, hii usiifute, ndiyo inaonyesha mmehesabiwa. Basi alikuwa amekaa chini ya ile X, anafukuza watoto wasiiguse.

"Shangazi, hii ni ya kubomoa," nikamwambia bila kumumunya maneno.

"Ya kubomoa waiandike kwa rangi nzuri hivi?"

Nilipandisha sauti. Nikamwita mbishi, akaniita mtoto wa mjini anayeogopa hata rangi. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa wahusika. Wakaniambia mpaka wa uwanja umesogezwa, na gari la matangazo limeshapita mtaani kuwaambia watu wahame. Ni kweli lilipita. Shangazi alilipungia mkono.

Wiki iliyofuata katapila likaanza kunguruma ndani ya uzio. Nilikuwa pale kibarazani, nikimbembeleza tuhame, alipotokea kijana mmoja mpole mwenye kofia ngumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kijana akaitazama X, akamshukuru kwa kutoifuta, maana wengine, alisema, wanawasumbua sana. Shangazi akanigeuzia uso uliojaa ushindi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa, mama, vyombo mmeshaanza kutoa?"

"Thubutu!" Shangazi akainuka, akamfungulia mlango wote wazi. "Vyote vimo humu humu, hata kijiko sijapunguza. Ingia, mwanangu, uhesabu."