Kompyuta Isiyokumbuka Jana

Nilifika Unguja nikiwa nimeichoka nchi kavu. Treni ya kutoka Mpanda ilikwama porini kabla ya Tabora tangu asubuhi hadi jua likapinda, na hakuna aliyetuambia sababu. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam niliketi na bwana mmoja aliyebambua karanga njia nzima na kuyaangusha maganda kwenye viatu vyangu, kana kwamba nilivivaa kwa kazi hiyo. Bandarini nikapanda boti. Wahudumu walitugawia mifuko ya kutapikia kabla hatujaondoka gatini, kwa adabu ya watu wanaogawa peremende harusini, na wengi waliitumia. Mimi sikutapika. Sikuwa na nafasi. Mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia begi lenye sidii za mifumo ya zamani ya kompyuta, ile ambayo hata walioiunda wameshaikana kama mtoto wa nje.

Kuipenda mifumo hiyo nilianzia sekondari. Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na sisi tulivua viatu mlangoni kabla ya kuingia kuitazama. Mwalimu alipoiwasha na yale madirisha ya kijivu yakafunguka, darasa zima lilishusha pumzi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile tena, na nimezunguka sana: Bukoba, Mombasa, Lubumbashi, na kurudi. Sasa nina zaidi ya miaka arobaini, cheti cha kidato cha nne, na ufundi ambao hakuna anayeuhitaji. Niliambiwa Unguja kuna mji ambako vitu vya zamani vinathaminiwa. Nikaamini, mjinga mimi.

Mji Mkongwe nilimpata tajiri mmoja mwenye duka la vitu vya kale. Nasema vitu vya kale kwa sababu ndivyo kibao chake kilivyosema. Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja mdogo ambako maseremala walichonga masanduku mapya, wakayapiga kwa minyororo, wakayasugua kwa chai ya rangi iliyokolea, na njumu za shaba wakazilaza ndani ya chumvi na ndimu mpaka ziote ukungu wa kijani. Sanduku lililozaliwa Jumatatu lilikuwa limeshatimiza miaka mia mbili kabla ya sala ya Ijumaa. Wageni waliyapapasa, wakafumba macho, wakaguna. Sikujua nani wa kumdharau zaidi, anayeuza au anayeguna, kwa hiyo niliwadharau wote kwa usawa. Mimi nilipewa kazi ya redio na saa za ukutani. Zilitakiwa ziwake tu, kusema ukweli wa saa halikuwa sharti.

Siku moja tajiri aliniita.

"Fundi, mama yangu mdogo yuko Chukwani. Kompyuta yake imekufa. Kamfanyie hisani."

Nilishangaa. Tangu nimjue sikuwahi kulisikia neno hisani likitoka kwenye kinywa kile. Nilikwenda.

Bi Mkubwa alikuwa mjane mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ilikuwa kudarizi kaba za kanzu, ile nakshi ya shingoni na kifuani, kwa mashine iliyounganishwa na kompyuta ya zamani. Mashine haikuwa na akili yake yenyewe. Ilishona kile ilichoambiwa na kompyuta, kupitia waya mnene uliochomekwa kwenye tundu lenye pini nyingi. Kompyuta za leo hazina tundu hilo, na programu ya kudarizi haikukubali mfumo mwingine wowote zaidi ya ule wa madirisha ya kijivu. Kompyuta ikifa, mashine inakuwa meza tu, na yeye anakuwa mtu wa kukaa akingojea wanawe wamkumbuke.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo wa mwisho, au bado kuna wengine nyuma? Mie nshawachoka mafundi."

"Walisema nini waliotangulia?"

"Walisema mimi ndo ugonjwa."

Sikuelewa, mpaka spika ya msikiti ilipokwaruza na adhana ya adhuhuri ikaanza. Bi Mkubwa aliinuka, akapita chumba kizima aking'oa plagi: feni, pasi, mashine, redio, friji. Hakubakisha hata moja. Alipomaliza kusali alizirudisha. Alikuwa akifanya hivyo tangu alipoingiziwa umeme, kila sala, na kompyuta haikupata msamaha. Ilikatwa pumzi katikati ya neno, kila siku, miaka yote hiyo. Diski ngumu haiwezi kuishi hivyo. Niliitoa, nikaisikiliza ikikwaruza kama kijiko kwenye sufuria tupu.

"Bi, huwezi kuacha hii moja ikiwaka?"

"Nnasimama mbele ya Mola wangu, nyuma yangu kitu kinanguruma? Hapana. Na usinambie ninunue mpya. Wenzio nshawasikia."

Wenzangu nao niliwajua. Vijana wenye mikoba migumu na kadi za jina, wanaojua kitu kimoja tu, kukwambia chako kimepitwa na wakati. Walitaka bibi abadilishe ibada yake ili kuitunza diski. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kuiondoa diski.

Mimi niliiondoa. Kompyuta ina kumbukumbu, zile fito ndogo za kijani ambamo inaweka mambo inayoyafikiria kwa wakati huo. Umeme ukikatika, yote yanafutika. Lakini ukiwa na fito za kutosha, unaweza kuidanganya kompyuta kwamba sehemu ya kumbukumbu hiyo ni diski, ukaumimina mfumo mzima humo, ukauendesha kutoka humo. Mfumo ule wa zamani ni mwembamba. Ukiupunguza mapambo unaenea. Nilikusanya fito kutoka kwenye kompyuta zilizotupwa nyuma ya ofisi mbalimbali mjini, nikazisugua miguu kwa kifutio cha penseli. Nilipozichomeka zote, mfumo ulikataa kuwaka, maana enzi zake hakuna aliyekuwa na kumbukumbu nyingi kiasi hicho, ukawa kama maskini aliyeingizwa kasri na kusahau mlango wa kutokea. Ikabidi niuandikie kwenye maagizo yake kwamba fito nyingine hazipo. Niliharibu sidii nyingi nikijaribu. Hatimaye nikapata moja iliyofanya kazi: unaiweka, kompyuta inaisoma, inajijaza, na madirisha ya kijivu yanafunguka upesi kuliko yalivyowahi kufunguka shuleni kwetu.

Kwa nyumba ile, dawa ilikuwa hiyohiyo. Ng'oa plagi utakavyo. Hakuna cha kuumia. Kompyuta inasahau kila kitu, na baada ya sala inaanza upya, safi, kama haijawahi kukosea.

"Na michoro yangu?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Michoro mipya uiweke kwenye disketi kabla hujazima. Usipoweka, imekwenda."

Alifikiri. Kisha akapata mbinu ambayo mimi nisingeipata. Muadhini wao kila mara hufungua spika, ikakwaruza, akakohoa, ndipo akaadhini. Kikohozi kile kikawa ndiyo ishara yake ya kuhifadhi. Muadhini akikohoa, Bi Mkubwa anabonyeza. Sidii anaitoa mara kompyuta inapojaa, na disketi kabla ya kuzima, anazifunga kwenye leso, anazitia kabatini.

Siku chache baadaye tajiri aliniambia nipande naye gari ya mizigo kwenda Paje. Nyuma kulikuwa na simu ya kuzungusha, taipureta, na kitu kilichoviringishwa blanketi. Meneja wa hoteli moja alitaka pembe ya mambo ya zamani mapokezini, ili wageni wakitoka kurushwa baharini na matiara yao wapate cha kupigia picha. Nilipofunua blanketi niliona kompyuta ya Bi Mkubwa.

"Tajiri, umemchukulia mama yako mdogo kompyuta yake?"

"Nimempa laptop mpya! Nyembamba, inang'aa. Atanikataliaje, mimi ni mwanawe."

"Laptop haina tundu la mashine yake. Na ndani ya hii hamna kitu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hamna kitu! Jana nimeiona kwa macho yangu, inawaka, yale madirisha yote yamo. Nikaizima mwenyewe ukutani, nikaibeba. Hakuna aliyeigusa."

"Ulipoizima ndipo yalipokwisha."

"Fundi, mimi nimeuza vitu vya kale tangu wewe hujavijua. Kitu hakitoki ndani ya sanduku mpaka ulifungue."

Ndivyo alivyoamini kweli. Mtu aliyekaa miaka na vitu vyenye nje tu alidhani kila cha ndani kimegandishwa kwa gundi.

Paje meneja alitupokea kwa kaptula na simu mbili. Niliunganisha waya zote. Tajiri alisimama mbele ya wafanyakazi waliokusanyika, akanyoosha mkono kama anayefungua daraja, akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Ukatokea mstari mmoja, wa kuomba diski.

"Ndiyo hii?" meneja aliuliza. "Mzee, umeniletea jeneza."

"Jana ilikuwa inawaka!"

"Na marehemu wangu wote jana walikuwa wanapumua," alidakia mpishi mmoja kutoka nyuma, na watu wakacheka vizuri.

Njiani kurudi nilimweleza tajiri kuhusu sidii, naye akamwambia dereva aelekee Chukwani. Tuliingia kwa Bi Mkubwa bila tajiri hata kuvua viatu. Laptop mpya ilikuwa mezani juu ya mashine, imefunikwa kawa, kama chakula cha mtu aliyechelewa.

"Mama mdogo, sidii iko wapi?"

"Shikamoo husemi tena?"

"Shikamoo. Sidii iko wapi?"

"Marahaba, baba. Kabatini, nilikoiweka."

"Mbona hukunambia?"

"Wewe si ulitaka boksi? Ulisema, mama mdogo nipe hilo boksi. Boksi nimekupa, na blanketi juu. Ungetaka na kilichomo ungesema."

Tajiri akanigeukia mimi. "Fundi, tengeneza sidii nyingine. Kesho tunarudi Paje."

Sidii ningeweza kutengeneza hata kumi. Boksi lilikuwa moja. Likienda Paje litakaa mapokezini likipigwa picha na watu wenye mchanga miguuni, na mwanamke huyu atakaa akitazama mashine isiyojua la kufanya. Yeye hakuomba. Alinyoosha kanga yake magotini, akawa anatazama ile nafasi tupu ambapo waya mnene ulikuwa unaning'inia.

"Tajiri," nikasema, "hoteli hawaitaki kompyuta. Wanataka sura yake. Mrudishie mama yako mdogo hii iliyo garini, nami nitakutengenezea inayofanana. Tutatafuta kasha tupu na kioo kikubwa cha zamani, tutoe matumbo, tuweke laptop yako ndani. Nitapiga filamu ya haya madirisha yakifunguka, iwe inajirudia. Hawatajua."

Niliona uso wake ukifunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifurahi bila kupokea kitu mkononi.

"Wakibonyeza?"

"Hawatabonyeza. Wageni wako huwa wanafungua masanduku?"

"Hawafungui," alisema polepole. "Wallahi, hawafungui. Mie nauza sura, fundi, na wewe ndo umenielewa."

Boksi lilirudi mahali pake siku ileile. Bi Mkubwa alitoa leso kabatini, akaweka sidii, tukangoja kumbukumbu ijae. Mashine ilipoanza kudarizi hakuniangalia. Alisema tu, "Kaba hii walikuwa wanaingojea," akasogeza kitambaa.

Bandia ikaenda Paje. Maseremala walilipaka kasha lake chai ili lipate umanjano, na mimi nikaongeza filamu ya kishale kinachotembea chenyewe. Meneja aliridhika kupita kiasi. Nilimwona mgeni mmoja amepiga magoti mbele ya kitu kile akimwambia mwenzake kwamba kilimkumbusha utoto wake, machozi karibu yamtoke. Niliondoka pale kabla hajainuka. Kile kilichonivua viatu nilipokuwa kijana kilikuwa kimesimama mbele yangu kimekufa na kupakwa rangi, na mpakaji nilikuwa mimi, na kila mtu ameipenda kazi yangu.

Tajiri alirudi dukani na habari kwamba hoteli za Kiwengwa nazo zinataka. Zote. Alishaagiza makasha. Alinipigapiga bega, akaniita mshirika. Nikafunga begi.

Nilipitia Chukwani kuaga. Nilimwachia Bi Mkubwa sidii zangu zote, nakala za mfumo wake na mifumo mingine, maana sidii hushika ukungu Unguja na moja haitoshi uzeeni.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Sijui, Bi."

"Basi utafika," alisema. "Asiyejua aendako hapotei." Halafu akainua kidole ninyamaze. Spika ilikwaruza, muadhini akakohoa. Alibonyeza, akasubiri taa ya disketi izimike, akaitoa, akang'oa plagi moja baada ya nyingine mpaka nyumba ikawa kimya.

Sikungoja amalize. Bandarini wahudumu walikuwa walewale, na adabu ileile. Safari hii sikuwa na kitu cha kukumbatia, nikapokea mfuko.