Salamu Kwenye Kimto cha Tatu

Mie mchezo huu wa besiboli sikuuelewa tangu siku ya kwanza nilipoelezwa. Mtu anapiga kijipira kwa rungu, kisha anatoka mbio kama kafukuzwa na mbwa. Anakanyaga kimto cha kwanza kilichotandikwa chini, cha pili, cha tatu, halafu anarudi pale pale alipoanzia, na watu wanampigia makofi. Nikamuuliza mjukuu wangu, "Sasa kama alikuwa akitaka kuwa pale, si angekaa tu?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Mjukuu wangu huyu anasoma chuo kikuu hapa Omani, Al Khoudh, na timu yao ya wasichana ilikuwa imealikwa kwenda kucheza Dubai pamoja na walimu wao. Baba yake, ambaye ni mwanangu, hakutaka. Lakini hapana hakusema, maana mbele ya binti yake ulimi wake mzito. Alisema, "Bibi yako akaangalie kwanza. Akiridhika yeye, mie sina neno." Nnamjua mwanangu. Alitaraji mie nitakataa, na yeye abaki kuwa baba mwema.

Mtoto akanijia chumbani na kofia ya timu yao mkononi, akapiga magoti.

"Bibi, nnakuomba. Jumamosi tunacheza Qurayyat. Njoo uniangalie. Hiyo Dubai nnaitaka kuliko kitu chochote."

"Nitakuja, mke mwenzangu. Lakini mie si wa kuhongwa kwa kofia."

Kofia hata hivyo niliichukua, jua la Qurayyat nnalijua. Nikaivaa juu ya mtandio.

Tulitoka nyumbani Ansab mie na mwanangu, tukachelewa kwa sababu alisimama njiani kununua mishkaki. Tulipofika mchezo umekwisha kuanza, hata kumwona mtoto kwa karibu sikuwahi. Uwanja wenyewe uko ufukweni khasa. Nyuma ya wachezaji wa mbali kuna kiukuta kifupi, na nyuma ya kiukuta ni bahari. Mpira ukipigwa kwa nguvu unatumbukia majini, basi wamemweka mvuvi mmoja, maji yamemfika kiunoni, na wavu wa mkono, kazi yake kuopoa mipira. Kila akiupata anaunyanyua juu kama kakamata nguru, na watu wanashangilia. Nikamuuliza mwanangu yule anachezea timu gani. Akasema hachezi. Kwa macho yangu yule ndiye pekee aliyekuwa akifanya kazi.

Viti vya pale ni saruji, vimepata moto kama tanuri, na magoti yangu hayataki ngazi. Nikachukua kiti changu cha plastiki kutoka garini, nikakiweka chini penye upepo, karibu na kile kimto cha tatu. Akaja mwalimu mmoja wa kike.

"Mama, hapa ni ndani ya uwanja."

"Nnaona."

Akaenda, akarudi. "Basi usogee kidogo tu, Mama."

Nikasogea kidogo tu. Hakuja mtu tena. Nani wa kumwinua mtu mzima kitini? Mwanangu kule juu alijifanya anasoma simu yake.

Nikawa nnapiga makofi kila nnapoona kitu kizuri. Wa nyuma yangu wakanipigia kelele, "Bibi, huyo si wetu!" Nikawaambia, "Kwani hakupiga vizuri?"

Ikafika zamu ya mwisho. Timu ya mjukuu wangu iko nyuma kwa bao moja, na mwenye rungu ni yeye. Akaupiga. Mpira ukapaa mpaka yule mvuvi akaweka wavu tayari, lakini ukagonga kiukuta ukarudi ndani. Mtoto akatoka mbio. Kimto cha kwanza, cha pili, huyo anakuja kwangu. Uwanja mzima unapiga kelele, "Kimbia! Kimbia!"

Akafika kimto cha tatu, akaniona. Akasimama.

Bado alikuwa salama, maana mguu uko juu ya kimto. Lakini kiti changu kilikuwa mbali kidogo, na mkono wangu haufiki. Akashuka, akaja, akainama, akanibusu mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekula?"

"Sijambo, bibi. Nimekula."

Mpira nao umekwisha kufika. Yule mlinzi wa kimto, msichana wa Qurayyat wa timu ya pili, anao mkononi. Alitakiwa amguse mjukuu wangu nao, amtoe. Hakumgusa. Alisimama akangoja tumalize, kisha akaupachika mpira kwapani, naye akanibusu mkono. Kumbe ni mtoto wa watu wetu wa Unguja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Mama yake mie simjui. Ndipo akamgeukia mwenzake akamgusa na mpira begani. "Samahani, dada. Umetoka."

Kule juu nikasikia sauti nnayoijua. Mwanangu kasimama juu ya kiti, kiatu kimoja kimemvuka, anapiga kelele, "Mama! Mwache mtoto akimbie!"

Akaja mwamuzi, mtu mzima kavaa kizimba cha nyaya usoni. Akakivua, akanisalimia kwa Kiarabu, akaniuliza khabari za afya, nikamjibu zote. Kisha akasema mtoto katoka.

"Katoka vipi? Alikuwa anaamkia."

"Mama, kanuni haisemi kitu juu ya salamu."

"Basi kanuni imeandikwa na watu wasio na bibi."

Akavaa kizimba chake. Mchezo ukaisha, wakafungwa.

Garini mtoto alikaa nyuma, uso vumbi tupu. Mie sikuomba radhi, na sikuona la kuombea. Tulipokaribia kuingia mjini mwanangu akakohoa.

"Haya, Mama. Umeridhika au hukuridhika?"

"Mie nimeona mtoto anayesimama kuamkia na dunia nzima inampigia kelele. Huyo hata Dubai hapotei. Lakini wewe pale juu ulikuwa ukisema nini?"

"Nilikuwa... nilighafilika tu."

"Ulighafilika na kiatu kimoja. Ulisema nimwache mtoto akimbie. Qurayyat nzima imekusikia. Haya, mie nimemwacha."

Akapunguza mwendo, tukaingia mjini.

"Baba?" sauti ikatoka nyuma.

"Nenda," akasema. "Na unipigie simu kila siku."

Mtoto akanirukia shingoni kutoka nyuma na jasho lake lote, kofia ikaniangukia machoni. Nikamwambia akae vizuri na afunge mkanda.